Apple ilivyoinunua Beats: maswali mnayoniuliza kila siku mezani

Nina meza ya kutengeneza simu na hedifoni Kariakoo. Haipiti wiki bila mtu kunishikisha hedifoni yenye ile herufi "b" nyekundu, akaanza kuuliza kuhusu kuharibika kwake, tukaishia kwenye Apple, Dr. Dre na mabilioni. Nimeona niyaandike maswali yenyewe hapa, ili mtu akija nimtumie kiungo na mimi niendelee kuchomelea waya.

Beats ni ya Apple au siyo? Mbona haina alama ya tofaa?

Ni ya Apple. Ununuzi ulitangazwa tarehe 28 Mei 2014 na kukamilika tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Kilichonunuliwa ni vitu viwili: Beats Electronics, yaani hedifoni na spika, na Beats Music, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni kwa kulipia kila mwezi. Wengi wanakumbuka cha kwanza tu. Cha pili ndicho kilichoitoa Apple pesa mfukoni, na nitakirudia.

Tofaa halipo kwa sababu Apple waliamua jina la Beats libaki kama lilivyo. Ukinunua jina halafu ukalifuta, umenunua nini?

Walilipa shilingi ngapi?

Dola bilioni 3. Kati ya hizo, bilioni 2.6 ni bei ya kampuni, na kama milioni 400 ni hisa za Apple ambazo wahusika wangezipata kidogokidogo kwa kadiri walivyoendelea kubaki kazini. Kwa lugha ya hapa sokoni, mnunuzi hakutaka muuzaji achukue chake na kutokomea.

Mpaka wakati ule Apple haikuwahi kununua kampuni kwa bei kubwa hivyo. Ununuzi wao mkubwa uliokuwa ukitajwa ni wa NeXT, kampuni ya kompyuta ya Steve Jobs, mwishoni mwa miaka ya 1990, uliokuwa wa dola milioni mia nne na kitu, na ndio uliomrudisha Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, nyumbani.

Lakini usitishike na bilioni 3. Mwaka 2014 Apple ilikuwa na akiba ya fedha na dhamana ya karibu dola bilioni 150. Chukua mtu mwenye laki moja na nusu mfukoni, amenunua kitu cha elfu tatu. Anaweza kuwa amepigwa bei, ndiyo, ila nyumbani watakula.

Nani walianzisha Beats?

Watu wawili: Dr. Dre, rapa na mtayarishaji wa muziki kutoka Compton, California, na Jimmy Iovine, mtoto wa Brooklyn aliyeanza kama fundi mitambo studio na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya muziki ya Interscope Records. Kampuni ilianzishwa mwaka 2006, na hedifoni ya kwanza, Studio, ikaingia sokoni mwaka 2008.

Kisa kinachosimuliwa ni kwamba Dre alimfuata Iovine akimweleza kuwa kuna watu wanamtaka atoe raba zenye jina lake. Iovine akamwambia aachane na raba, watengeneze spika. Waliishia kwenye hedifoni, lakini mawazo ya raba hayakuondoka. Walichofanya ni kuuza hedifoni kama raba inavyouzwa: rangi, jina la mtu maarufu, na kuhakikisha mchezaji anaonekana nazo akishuka kwenye basi la timu. Kabla ya hapo hedifoni ilikuwa kifaa cha kuficha. Apple wenyewe, kwa waya zao nyeupe za iPod, ndio walioanza kuifanya ionekane. Beats walikuja na waya mwekundu na kikombe kikubwa kinachofunika sikio zima.

Kuna jambo dogo hapa ambalo mimi hunifurahisha. Aliyesanifu umbo la hedifoni zile ni Robert Brunner na ofisi yake ya Ammunition. Huyo Brunner aliwahi kuwa mkuu wa usanifu wa Apple, tena ndiye aliyemwajiri Jony Ive, yule aliyekuja kusanifu umbo la iPhone. Kwa hiyo Apple iliponunua Beats ilikuwa inanunua kitu ambacho mkono wake wa zamani ulikigusa.

Laptop yangu ya zamani ya HP imeandikwa Beats Audio, na simu ya HTC pia. Hizo nazo za Apple?

Hapana. Hayo ni makubaliano ya kabla ya Apple. Beats walikodisha jina lao kwa HP kwenye kompyuta, kwa Chrysler kwenye magari na kwa HTC kwenye simu.

HTC ndio wenye hadithi ya kusikitisha. Kampuni hiyo ya Taiwan ilinunua zaidi kidogo ya nusu ya Beats mwaka 2011 kwa kama dola milioni 300. Walidhani alama ya "b" mgongoni mwa simu ingewavuta vijana. Haikuwavuta vya kutosha. Mwaka 2012 wakairudishia Beats nusu ya hisa hizo kwa milioni 150, na Septemba 2013 wakauza zilizobaki kwa milioni 265. Ukihesabu, walipata faida. Miezi minane baadaye Apple ikatangaza bilioni 3. Nusu ya bilioni 3 ni hesabu ambayo mtu wa HTC hapaswi kuifanya usiku akiwa peke yake.

Aliyekuwa na kinyongo zaidi ni Monster, kampuni ya waya za muziki iliyotengeneza hedifoni za Beats tangu mwanzo mpaka mkataba ulipoisha mwaka 2012. Januari 2015 Monster na mwanzilishi wake Noel Lee walifungua kesi wakidai walizungukwa. Mwaka 2016 walishindwa. Mkataba waliousaini uliwaruhusu Beats kuondoka, na waliondoka.

Apple ina wahandisi wote wale. Kwa nini inunue hedifoni badala ya kutengeneza zake?

Hili ndilo swali lenyewe, na hapa sitafupisha.

Kuanzia mwaka 2003 Apple iliuza nyimbo moja moja kupitia duka lake la mtandaoni, iTunes. Unalipa, unapakua, wimbo unakuwa wako. Ilikuwa biashara nzuri sana kwa miaka kumi. Kisha mwaka 2013 mauzo ya nyimbo za kupakua nchini Marekani yakashuka kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe. Watu walikuwa wanahamia kwenye kulipia mwezi na kusikiliza chochote. Spotify, kampuni ya Sweden, ilitangaza Mei 2014, mwezi uleule wa ununuzi wa Beats, kwamba imefikisha wateja wanaolipa milioni 10. Apple, waliokuwa wafalme wa muziki wa dijitali, hawakuwa na hata kibanda kwenye soko hilo jipya.

Iovine alikuwa ameliona hilo mapema. Kwa miaka mingi aliwaambia watu wa Apple kwamba muziki wa kulipia kila mwezi ndio njia, tangu Steve Jobs akiwa hai. Hawakukubali. Akaenda kutengeneza mwenyewe: mwaka 2012 Beats walinunua huduma ndogo iliyoitwa MOG, wakaibomoa na kuijenga upya, na tarehe 21 Januari 2014 wakaizindua Marekani kwa jina la Beats Music, dola 9.99 kwa mwezi. Mkuu wake alikuwa Ian Rogers, na upande wa ubunifu alikuwepo Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails.

Tofauti yao na wengine ilikuwa kwamba nyimbo zilipangwa na watu wenye masikio, si na hesabu za kompyuta peke yake. Kulikuwa na sehemu ambapo unajaza sentensi: niko mahali fulani, najisikia hivi, niko na fulani, nataka muziki wa aina hii. Ukimaliza, inakupigia. Mtu wa redio ataelewa mara moja. Ni kama yule mtangazaji wa usiku anayejua wimbo gani ufuate baada ya huu.

Huduma yenyewe ilikuwa changa. Wateja wake ukiwaweka kando ya wale milioni 10 wa Spotify ni wachache mno. Kwa hiyo Apple hawakununua wateja. Walinunua mambo matatu: Iovine, ambaye akimpigia simu bosi wa kampuni ya muziki, simu inapokelewa, kikosi cha watu waliokwisha kuijenga huduma hiyo mara moja na kujua inapovuja, na biashara ya hedifoni iliyokuwa tayari inaingiza pesa. Iovine mwenyewe alisema siku ya tangazo kwamba moyoni siku zote alijua Beats ni ya Apple. Muuzaji yeyote husema hivyo siku ya kusaini, lakini kwake nadhani ilikuwa kweli.

Ushahidi upo kwenye vitabu vya hesabu vya Apple vya mwaka ule. Katika bei ya bilioni 2.6, mali zisizoshikika kama alama ya biashara na uhusiano na wateja ziliandikwa dola milioni 636. Kisha kuna bilioni 2.2 zilizoandikwa kwenye ule mstari ambao wahasibu huweka kila kinacholipiwa kisichoonekana wala kuhesabika: sifa, watu, na matumaini ya kesho. Madeni ya Beats yalizidi mali zake za kushikika kwa milioni 258. Isome tena hiyo. Ukiondoa jina na watu, ukabakiza maghala, meza na maboksi, Apple walinunua deni.

Ile video ya Dre akijiita bilionea ilikuwaje?

Tarehe 8 Mei 2014 gazeti la Financial Times liliandika kwamba Apple inakaribia kuinunua Beats kwa dola bilioni 3.2. Muda mfupi baadaye mwimbaji na mwigizaji Tyrese Gibson akatupia video mtandaoni: wako studio, wamechangamka, na Dre anajitangaza kuwa bilionea wa kwanza wa hip hop. Mkataba ulikuwa haujasainiwa, na Apple ni kampuni inayopenda siri kuliko mganga.

Bei ilipotangazwa rasmi kuwa bilioni 3, wakasema video imemla Dre milioni 200. Kumbuka tu kwamba ile bilioni 3.2 ilikuwa ya magazeti. Apple hawakuwahi kuitamka. Na bilionea hakuwa, kwa hesabu za jarida la Forbes. Waliyempa cheo hicho kwanza katika hip hop ni Jay-Z, mwaka 2019.

Ni kweli ndani wameweka vyuma ili ziwe nzito?

Mwaka 2015 mhandisi mmoja Marekani alifungua hedifoni ya Beats Solo na kuandika kwamba ndani kuna vipande vinne vya chuma ambavyo kazi yake kubwa aliona ni kuongeza uzito, na kwamba vifaa vyote vinagharimu kama dola 17. Habari ikazunguka dunia. Halafu ikabainika kwamba ile aliyofungua ilikuwa feki. Akanunua nyingine halisi, akaifungua, na vyuma akavikuta vilevile. Makadirio ya vifaa yakapanda kidogo tu, kwenye dola 20.

Kabla hujakasirika, hesabu ile haina usanifu, matangazo, usafiri, duka wala waranti. Na uzito una maana yake. Nimeshuhudia hapa mezani: nampa mteja hedifoni mbili zimefungwa kwenye mfuko, anazipima kwa mkono kama anavyopima sato, na anachagua nzito. Hajasikiliza chochote bado.

Kinachonichekesha ni kwamba fundi wa feki alikopi mpaka uzito. Yeye na wahasibu wa Apple wamelielewa jambo lilelile.

Lakini sauti yake ni nzuri kweli?

Zile za mwanzo zilikuwa na besi iliyozidi, na wapenda sauti safi walizisema sana. Taarabu ukiisikiliza humo, ngoma inaimeza qanun. Bongo Fleva na hip hop zinanoga. Za miaka ya karibuni, kama Studio Pro ya 2023, zimetulia zaidi. Sikiliza wimbo unaoujua kwa moyo, na usimsikilize muuzaji.

Beats Music ilienda wapi? Naitafuta siioni.

Ilizimwa tarehe 30 Novemba 2015. Ilishageuka kuwa Apple Music, iliyozinduliwa tarehe 30 Juni 2015 katika nchi zaidi ya 100. Kenya na Uganda zilikuwemo tangu siku hiyo. Sisi Tanzania tulisubiri mpaka Aprili 2020, pamoja na Rwanda na Kongo ya Kinshasa. Kufikia hapo vijana wengi walishazoea Boomplay iliyokuja ndani ya simu zao za Tecno, na miezi kumi baadaye Spotify nao wakaingia. Kuchelewa kuna bei.

Uzinduzi wenyewe nusura uharibike. Apple walitoa miezi mitatu ya bure kwa msikilizaji, na wakapanga kutowalipa wasanii kwa miezi hiyo. Juni 21 Taylor Swift akaandika barua ya wazi kulalamika, na kabla ya siku kuisha Eddy Cue wa Apple alishatangaza kwamba watalipa. Msanii wa kawaida angeandika barua hiyohiyo mpaka wino uishe.

Pia walianzisha redio ya saa 24, Beats 1, wakamchukua mtangazaji Zane Lowe kutoka BBC. Mwaka 2020 jina likabadilishwa kuwa Apple Music 1. Kwa huduma yenyewe, Juni 2019 Apple walisema wamevuka wateja milioni 60. Hapo ndipo ninaposema bilioni 3 hazikuwa za kichaa.

Na Dre na Iovine bado wapo?

Iovine aliacha kazi ya kila siku mwaka 2018. Dre alitoa albamu yake *Compton* kupitia Apple Music Agosti 2015, kisha akaonekana kwa nadra. Ian Rogers aliondoka mwaka uleule wa uzinduzi.

Ninunue AirPods au Beats?

Kama unatumia Android, Beats zina urafiki zaidi: kuna programu yake ya Android, na Studio Buds za mwaka 2021 zinaunganika na simu za Android haraka bila longolongo. Ukiwa na iPhone, tofauti ni umbo na betri. Solo3 ya mwaka 2016 ndiyo ya kwanza ya kichwani kutumia chipu ya Apple, na chaji yake ilidumu kama saa 40, jambo ambalo mtu wa mikoani mwenye umeme wa kukatikakatika analipenda kuliko besi.

Nitajuaje kama zangu ni feki?

Mimi mwenyewe nilipigwa mwaka niliofungua meza hii. Nilinunua tano kwa mkupuo, boksi limenyooka, nailoni imekazwa vizuri. Niliporudi na kufungua ya kwanza, kitabu cha maelezo kilikuwa kimeandikwa "Betas".

Tangu hapo nafanya hivi. Natafuta namba ya utambulisho wa bidhaa (serial number) kwenye hedifoni yenyewe, si kwenye boksi, halafu naiingiza kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua waranti. Feki nyingi zimekopi namba moja ya kweli, kwa hiyo ukiona ukurasa unakuambia ni aina nyingine, au hedifoni tano zina namba moja, umeshajua. Usiridhike na picha inayotokea kwenye iPhone unapoiunganisha. Hata hiyo sasa wanaigiza. Jaribu kusasisha programu ya ndani ya hedifoni. Feki huishia hapo.

Na kama ni feki na inakupigia vizuri, endelea nayo. Usiniombe tu niiuze kama orijino.

Nina spika ya Beats Pill XL ya zamani. Inapata moto nikiichaji. Utatengeneza?

Hapana, na usiichaji tena hata leo usiku. Spika hiyo ilianza kuuzwa Januari 2014, kabla ya Apple, na Juni 2015 Apple waliirudisha yote kutoka sokoni kwa sababu betri inaweza kupata moto kupita kiasi na kuwaka. Marekani pekee zilikuwa kama 222,000. Waliokuwa nazo walitakiwa kuacha kuzitumia na kuzirudisha, wakarejeshewa dola 325. Hapa kwetu nyingi ziliingia kama mitumba, mkono wa pili au wa tatu, na aliyekuuzia huenda hakujua.

Ndogo yake, Pill ya kawaida, haikuwemo kwenye tangazo hilo. Hiyo ilete, nabadilisha betri. Ile XL ukija nayo, iache nje ya mlango kwanza, uniite.